Mdogo wangu, lile gitaa nimelichoresha

Nakuandikia huku kwa sababu kule WhatsApp ni tiki moja tangu Machi, na wifi nikipiga hapokei. Wengine wakisoma shauri yao. We mwenyewe unajijua, na ukifika kwenye neno kiroba utajua kabisa naongea na nani.

Nimechoresha gitaa la baba. Usishtuke, sijalipata, nimechoresha tu, picha ya kompyuta. Kuna binti mmoja yuko Dar anachora watu na magari, nikamfuata inbox nikamwambia nataka unichoree gitaa la umeme ambalo halipo. Akaniuliza halipo dukani? Nikamwambia halipo duniani, lilitengenezwa moja tu, Ujiji, na seremala aliyezoea vitanda. Akacheka, akasema laki na nusu, nusu unatanguliza, marekebisho mara tatu, ukizidisha unaongeza hela. Nikatuma sabini na tano siku hiyohiyo, hela ya dagaa, hela yangu mwenyewe, na nalisema hili mapema kwa sababu najua utauliza ya nani.

Picha tuliyonayo ni ile moja tu ya harusi ya shangazi. Baba yuko nyuma ya keki. Yani kati ya picha zote za mzee akiwa na gitaa imebaki hiyo ambayo vase ya maua ya plastiki imeziba pale kwenye vitufe vyote. Nikaipiga picha kwa simu nikamtumia, akasema dada hii imefifia na WhatsApp imeibana, tuma kama dokumenti. Nikatuma. Akasema bado, sasa nielezee kwa mdomo. Basi nikakaa kitandani usiku nikamrekodia voisi, nikagundua naijua bei ya kila kitu cha mule ndani lakini sikijui kitu chenyewe. We ndio unakijua. We ndio ulikuwa unashika tochi baba akichomea zile waya, mi nilikuwa nawapepelea jiko.

Akaanza na maswali. Pikapu ngapi? Mwenzio nikadhani gari, nikamjibu hatukuwahi kuwa na gari, baba alikuwa na baiskeli. Kumbe ni zile sumaku chini ya nyuzi! Hapo nikakumbuka, maana baba alishawahi kunionyesha, mara moja tu, siku we ulikuwa na homa. Alikuwa fundi umeme wa bandari, hakuweza kueleza muziki bila kuingiza umeme. Akasema hiki kidude ni sumaku imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, uzi wa chuma ukitikisika juu yake umeme unazaliwa humo, mdogo sana, amplifaya ndio inaukuza. Akachukua uzi wa nailoni wa kuvulia akaukaza badala ya uzi wa chuma, akapiga, amplifaya kimya. Akaniambia unaona, samaki tu ndio wanausikia huu. Nikamwambia binti pikapu mbili.

Skechi ya kwanza ikaja. Nzuri, siwezi kusema uongo, lakini ni gitaa la mtu mwingine. La mkono wa kulia! Nilimwambia mapema kabisa kwamba mzee alikuwa mashoto, akasahau. Akasema hakuna shida dada, dakika moja, akaligeuza lote kama kwenye kioo. Na lile neno ambalo baba alimlipa yule mwandika majina ya maboti kule Kibirizi aliandike kifuani mwa gitaa kwa rangi nyeupe, SUBIRA, likasomeka ARIBUS. Kama dawa ya minyoo. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta, afu nikakaa kimya kwa sababu mtu niliyetaka kumtumia ile picha acheke na yeye ni we.

Tena hata angesahihisha maandishi bado lilikuwa kosa, na hapa ndipo nilipojiona nimekua fundi. Kumbuka shingo haikuchongwa Ujiji. Shingo ilikuja 1996, vita ilipowaka ng'ambo na watu wakawa wanavuka ziwa usiku na mchana, kuna Mkongomani alishuka na gitaa lililopasuka kifua likabaki shingo na vyuma vyake, akamuuzia baba. Shingo ya mkono wa kulia. Baba akapeleka mbao za kitanda cha bibi, ule mninga mwekundu wenye michirizi, seremala akachonga bodi ya mashoto, halafu ile shingo ikabanwa imegeuzwa juu chini. Kwa hiyo vile vya kukazia nyuzi, vyote sita, vilikuwa vinaangalia chini sio juu. Ukigeuza gitaa zima kwenye kioo vinabaki juu. Nikamwambia binti bodi iache ilivyo, shingo peke yake ndio uipindue. Akanyamaza siku mbili, nikajua nimemuudhi, kumbe alikuwa anatafuta, akanirudishia picha ya Jimi Hendrix, yule Mmarekani, akaniambia dada mzee wako alikuwa kama huyu, na huyu alikuwa anapindua gitaa la kulia anafunga nyuzi upya. Nikamwambia mzee wangu huyo hakumjua, mzee wangu alikuwa wa Franco, yule mpiga gitaa wa Kongo, alivyokufa Franco 1989 hakula mchana.

Binti akapata moyo sasa. Akauliza na ule mfupa wa juu unaopitisha nyuzi, si utakuwa na mifereji ya kinyume? Nikamwambia ndio, baba alichonga mwingine kwa mfupa wa ng'ombe wa supu, nyumba ilinuka siku nzima. Na alama za ubavuni? Hapo nikaishiwa nguvu. Unazikumbuka? Shingo ikipinduliwa vile vidoti vya ubavuni vinaangalia sakafu, mpigaji havioni, kwa hiyo baba aliiba rangi ya kucha ya mama, nyekundu, akaweka vyake upande wa juu. Freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa, halafu ya kumi na mbili vidoti viwili. Mama akatafuta kichupa wiki nzima. We ulijua, ukanyamaza. Ulikuwa na siri nzuri ulipokuwa mdogo.

Haya. Zile zile doti nyekundu ndio zilinifanya nilitambue gitaa pale stesheni.

Nimezunguka sana, lakini ndio nilikuwa nakuja huku. Siku ya arobaini pale kwenye mkeka baba mkubwa alisema gitaa achukue mtoto wa kiume, mtoto wa kike gitaa ataliweka wapi, kwenye kabati la vyombo? Watu wakacheka. Wazee kucheka sina neno nao. We ulicheka. Ulikuwa umekaa karibu yangu, goti lako limegusa langu, nikasikia mwili wako unatikisika. Nimejaribu kusamehe hiyo kitu nimeshindwa, nasamehe ya kuuza kabla ya hiyo.

Maana kuuza nimekuelewa kidogo kidogo. Ulitaka kuongezea ya pikipiki. Mimi nilikutangaza mtaa mzima kwamba umemuuza baba, nilisema kwa shangazi, nilisema Mwanga, nilisema mpaka kwenye kikoba, na hiyo pikipiki hiyohiyo ndio ilimpeleka mama kliniki miezi minane bila kudai hata mafuta, mimi nikipanda nyuma yake nimenuna. Ningekuwa mtu mwingine ningekushauri usikimbilie kuuza kitu ambacho hakina cha pili, hela inarudi, kitu hakirudi, ungenipigia kwanza tukae tuone. Na ungenipigia ningekutafutia, wallahi ningekutafutia.

Au nisingekutafutia. Sijui. Hili sijawahi kukuambia, na nimeona nikuambie mbele za watu kwa sababu mbele za watu ndio nilikuita mwizi.

Nilikuwa stesheni nasafirisha magunia yangu matano ya dagaa. Kuna kijana amekaa juu ya begi anakula muhogo wa kuchoma, pembeni kaegesha kiroba cha sukari, na juu ya kiroba imetokeza shingo. Vya kukazia nyuzi vinaangalia upande mmoja, upande usio wake. Nikasogea. Doti nyekundu. Kiroba kilikuwa kimechanika ubavuni, pale kwenye mchano zikawa zinasomeka herufi nne, BIRA, sijui kama alikuwa anajua ni neno gani. Nikamuuliza unauza? Akasema nimenunua laki na themanini juzi, ukinipa mbili nakuachia, naona uvivu kulibeba mpaka Dar.

Kwenye pochi nilikuwa na laki tatu na arobaini. Ya kikoba. Ndio kwanza nimekusanya, nilikuwa nipeleke benki nikitoka pale. We unajua mimi ni mweka hazina, wanawake ishirini na wawili, wengine wanaanika dagaa Kibirizi juani kutwa wapate hiyo elfu tano. Ningewaambia nini? Jamani nimenunua gitaa? Mtoto wa kike, ameliweka wapi? Nikasimama pale. Ningeweza kukopa kwenye kikoba kihalali, tuna utaratibu, katibu alikuwa anapatikana kwa simu, hata dakika kumi zisingefika. Nimeyafikiria hayo mara nyingi sana. Wakati ule sikuyafikiria. Nilichofikiria ni kwamba nikilinunua nitakuwa nimekuokoa, utakuwa umeuza na gitaa limerudi na hela umekula, na mimi nilitaka ubaki na kosa lako.

Kijana akamaliza muhogo, akafuta mkono kwenye suruali, akakibeba kiroba kama mtoto aliyelala, akapanda. Mimi nikarudi kugombana na wapagazi kuhusu gunia la nne.

Baba alikuwa anatania kwamba gitaa lake litazeeka kuliko Liemba. Meli ilishushwa majini hapahapa Kigoma 1915, mpaka ikazamishwa ikaibuliwa, na bado ipo. Gitaa la juzi tu halipo.

Kwa hiyo ndio hivyo, laki mbili sikutoa nikalipata lenyewe, nimekuja kutoa laki na nusu kwa picha. Nacheka mwenyewe. Lakini niseme ukweli picha imekaa vizuri, binti ana mkono. Kasahihisha freti pia, mwanzo alizipanga sawasawa kama ngazi, nikamwambia hapana, zinabanana kadri unavyokwenda kwenye bodi, na ile ya kumi na mbili iwe katikati kabisa ya uzi, baba alikuwa anapima kwa futi kamba ya mama ya kushonea. Mninga kaupatia, ile michirizi kama nyama. Tuligombana kidogo kuhusu kovu la sigara kule kichwani, pale baba alipokuwa anachomeka sigara kwenye ncha za nyuzi akiingia sebene anaisahau inaunguza mbao. Binti kalifuta, kadhani ni uchafu wa picha. Nikamwambia rudisha. Akasema litaharibu. Nikamwambia rudisha, ndio kazi niliyokulipa. Hilo likawa rekebisho la pili.

Vitufe nimebahatisha, nimesema vitatu, kimoja cha redio ya National. Kama ni viwili uniambie.

Ananitengenezea saizi ya A3, ya kuprinti, amesema ni pikseli 3508 kwa 4961, nitaipeleka steshenari ya Lumumba wanitolee mbili. Moja yako. Kama utaki basi itakaa kwangu, kwenye kabati la vyombo.

Sasa kuna kitu kimoja. Kaniuliza nyuma nichore? Upande wa nyuma unalipiwa, nikalipa, elfu arobaini nyingine, kwa sababu nyuma chini ya zile skrubu nne za kubania shingo kuna herufi mtu alichora kwa msumari na baba akamchapa, halafu akakataa kuipiga msasa, akasema iache. Miaka yote nimekuwa najua ni herufi ya jina lako, maana aliyechapwa ni we, nilikuona. Juzi mama ananiambia hapana, ilikuwa ya kwangu, ulichora ya kwangu ukashindwa kumaliza. Mama siku hizi anachanganya mambo, sitaki kumtegemea.

Binti kachora nyuma yote, mbao, skrubu, kasahani ka chuma. Hapo pa herufi kapaacha wazi ananisubiri. Nimebakiza rekebisho moja na anafunga kazi Ijumaa. Nifungulie hiyo tiki uniambie ilikuwa herufi gani.