Wanahisa wachache: kabla ya kipindi cha Jumamosi

Habari za jioni, wana-CPA (mnaosomea mitihani ya uhasibu). Wengi mmekwama palepale kwenye swali la hesabu za kundi, yaani za mama na tanzu kwa pamoja: mama ana asilimia 80 ya hisa za tanzu, wanahisa wachache wana 20 zilizobaki, nanyi mnachukua asilimia 80 tu ya mapato ya kampuni tanzu. Hapana jamani. Kampuni mama ikishakuwa na udhibiti, mapato na gharama zote huingia asilimia 100, mstari kwa mstari. Mgawanyo unafanyika chini kabisa, kwenye faida.

Tanzu ikipata faida ya milioni 10, wachache wana asilimia 20, yaani milioni 2. Lakini kama tanzu imeiuzia mama bidhaa na faida ya milioni 1 bado imelala ghalani, kwenye bidhaa ambazo mama hajaziuza nje, ipunguze kwanza: 9 × 20% = 1.8. Mama ndiye aliyeuza? Wachache hawaguswi.

Na hasara je? Wanaibeba pia, hata salio lao likiwa hasi. IFRS 10, kiwango cha kimataifa cha hesabu za kundi, iko wazi. Someni ripoti ya Safaricom ya mwaka ulioishia Machi 2024: faida ya kundi takriban shilingi bilioni 43 za Kenya, ya wanahisa wa mama karibu 63! Tofauti hiyo ni sehemu ya hasara ya tanzu ya Ethiopia waliyoibeba wabia, yaani wanahisa wachache wa huko.

Jumamosi njooni na kalkuleta, tutaanza na thamani ya wachache siku ya ununuzi.