Yoga isigeuzwe kipimo cha kiuno

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniumiza tangu yoga, yaani mazoezi ya mikao ya mwili na kuvuta pumzi, ilipoanza kufundishwa katika kumbi za mazoezi hapa Mbeya. Karibu kila tangazo linalonifikia kwenye simu lina picha ya msichana mwembamba, tumbo limelala kama la mtu ambaye hajawahi kubeba mimba, na chini yake ahadi ya kiuno chembamba ndani ya wiki chache. Mama wa makamo mwenye mapaja na michirizi ya uzazi sijamwona hata mara moja.

Wifi yangu anauza viazi Uyole, na miaka ya kuinama na kuinua madebe imemwachia maumivu ya mgongo. Hayo ndiyo yaliyompeleka darasani. Siku ya pili mwalimu alimshika nyama za tumbo mbele ya wenzake na kusema kwamba hizo ndizo ziondoke kwanza. Hakurudi tena. Alianza kulala bila kula na kunywa majani ya kupunguza mwili aliyouziwa mtaani, mpaka siku moja akaishiwa nguvu sokoni, na mgongo unamuuma hadi leo.

Ukoo wetu ulizoea kumuuliza mwanamke aliyekonda kama anaumwa. Sasa binti zetu wanadaiwa tumbo la mtoto, nyonga za mtu mzima na weupe ambao hawakuzaliwa nao, na wapo wanaoutafuta weupe huo kwa mkorogo, ilhali zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini.

Yoga ilitoka India, na neno lenyewe katika Kisanskriti linahusu kuunganisha. Patanjali, ambaye mafundisho yake huheshimiwa sana na wanayoga, anautaka mkao uwe na sifa mbili: uwe thabiti na uwe wa raha. Mwanamke mnene anaweza kuzitimiza zote mbili, iwapo mwalimu atamwekea kiti cha kushikilia, atamkunjia kitenge chini ya magoti, au atamruhusu asimame akiegemea ukuta huku akivuta pumzi taratibu. Ujuzi wa mwalimu ninauona hapo, kuliko katika kujipinda kwake mwenyewe mbele ya kamera.

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kimataifa ya yoga. Nawaomba wenye kumbi waitumie siku hiyo kubandika picha za wanafunzi wao halisi, wa kila umbo, kwa ridhaa yao, na kuanzia sasa wamuulize kila anayejiandikisha kuhusu mgongo, magoti, shinikizo la damu na ujauzito, badala ya kukimbilia mizani. Wifi yangu nimemwahidi kwamba nikimpata mwalimu wa namna hiyo, tutakwenda wote wawili.

Mama wa watoto watatu,
Uyole, Mbeya