Watoto wetu wapelekwe Mkomazi, faru asiletwe kizimbani mjini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo linalojirudia katika vikao vya wazazi na walimu hapa Moshi, na ambalo naamini wenzetu wa Arusha nao wanalijadili, yaani namna ya kuwaonyesha watoto wetu wanyama adimu wa nchi hii kabla hawajamaliza shule. Wapo wanaosema kwamba safari za hifadhini ni ghali na hazina uhakika, kwa hiyo itafutwe ardhi kando ya mji, vijengwe vizimba, waletwe faru, mbwa mwitu na chui, na kila mtoto afike kuwaona kwa nauli ya daladala tu. Hoja hiyo inatoka kwa watu wanaowatakia watoto wao mema, nami siibezi. Hata hivyo siikubali, na nitaeleza sababu zangu bila kuzikashifu bustani za wanyama, kwa kuwa mkoa wetu una deni kwa baadhi yake.

Deni hilo liko katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Katika miaka ya 1960 nyika ile iliyo kati ya milima ya Pare, Usambara na mpaka wa Kenya ilikuwa na faru weusi zaidi ya mia moja, lakini majangili waliwamaliza, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 hakuwa amebaki hata mmoja. Mwaka 1997 waliletwa faru kutoka Afrika Kusini, ambao walikuwa uzao wa faru waliohamishiwa huko kutoka Kenya katika miaka ya 1960. Baadaye wakaja waliolelewa Ulaya: watatu kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Cheki mwaka 2009, watatu kutoka bustani ya Port Lympne nchini Uingereza mwaka 2012, na mwaka 2016 jike mchanga aitwaye Eliska, ambaye naye alitoka Dvůr Králové na kushushwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) akiwa ndani ya sanduku lake la safari. Bustani ya Chester, ya Uingereza pia, imechangia mradi wa faru wa Mkomazi kwa miaka mingi, maana yake ni kwamba familia iliyokata tiketi huko kumwona faru imesaidia kumlinda faru wa hapa Same.

Kazi ya kuwarudisha haikuwa ya kufungua mlango na kuwaacha waende. Faru aliyekulia Ulaya hajawahi kuumwa na ndorobo, wala mwili wake haujazoea vimelea vya ugonjwa wa nagana ambavyo mdudu huyo hubeba. Amezoea kuletewa chakula na mlezi wake, hajui kujichagulia matawi ya miiba na kuyavuta kwa ule mdomo wake wa juu uliochongoka. Kwa hiyo wanyama hao hukaa kwanza katika mazizi, huzoeshwa majani ya nyika, huchunguzwa mara kwa mara na madaktari wa wanyama, ndipo hutolewa kidogokidogo kwenye eneo kubwa. Kila hatua katika hizo ni ya gharama na ya hatari, na naiheshimu sana kazi ya watu wote walioifanya.

Sasa tujiulize kituo cha mjini kingewapata wapi wanyama wake. Bustani nyingi za Ulaya leo huzalisha wanyama ambao wazazi wao nao walizaliwa humo humo, ilhali kizimba cha Moshi au Arusha, katika nchi ambayo faru na mbwa mwitu wangali porini, kitaanza kwa kumtoa mnyama porini. Uwanja ule ule wa KIA uliompokea Eliska ndio ambao Novemba 2010 twiga wanne pamoja na wanyama na ndege wengine zaidi ya mia moja walipakiwa ndegeni kinyume cha sheria na kupelekwa Qatar, na kesi yake tuliifuatilia hapa hapa Moshi. Simfananishi mzazi anayetaka watoto waone chui na wahalifu wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba palipo na vizimba vya kujazwa patakuwa na mtu wa kuvijaza, na hatutaweza kila mara kujua amewatoa wapi wanyama wake.

Kipo kizimba ninachokitetea kwa moyo wote, nacho ni kile cha mnyama ambaye hana mahali pengine pa kuishi. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja tu la Udzungwa, kwenye eneo dogo lililoloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Ni chura mdogo wa njano, asiyefikia hata sentimita tatu, na jike lake halitagi mayai bali huzaa vichura vilivyokwisha kamilika. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yalipungua mno, na mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani, katika bustani ya Bronx jijini New York. Waliobaki korongoni walitoweka baada ya miaka michache, ugonjwa wa kuvu nao ukiwa umeingia, na mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likamtangaza kuwa ametoweka porini. Kama si wale waliokuwa wakizalishwa Bronx na baadaye katika bustani ya Toledo, pia ya Marekani, tusingekuwa naye kabisa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni, ambako manyunyu ya mabomba yaliwekwa kufidia yale ya maporomoko. Huo ndio uokoaji hasa, na naona ni aibu kwamba vijana wengi wanaomaliza kidato cha nne hawajawahi kusikia habari zake.

Uokoaji wa namna hiyo nao huweza kuchelewa. Faru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Sudan alitolewa Dvůr Králové na kupelekwa hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya mwaka 2009, yeye na wenzake watatu, kwa matumaini kwamba hewa na nyasi za Afrika zingewafanya wazaliane. Alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa dume la mwisho, wakabaki majike wawili tu, Najin na mwanawe Fatu.

Najua nitaambiwa kwamba faru wa Mkomazi nao wamo ndani ya uzio. Ni kweli wamo, na uzio ule una umeme na askari usiku na mchana, kwa sababu pembe zao bado zinatafutwa. Lakini ndani yake mna makumi ya kilomita za mraba, na humo faru hutafuta malisho yake mwenyewe, huchagua kivuli chake, huweka alama za mipaka kwa kinyesi na mkojo, hupigana na dume mwenzake na kumlea ndama wake bila mtu kumpangia. Mtoto anayemwona hapo anamwona mnyama anayeendesha maisha yake. Kizimbani atauona mwili wa faru, ambao picha ya kwenye kitabu nayo ingemwonyesha.

Nakubali pia kwamba porini mtoto anaweza kurudi bila kumwona mnyama aliyemfuata. Hapa ndipo natofautiana zaidi na wenzangu, kwa kuwa mimi siioni kuwa hasara. Juu ya vichwa vyetu, katika misitu ya Kilimanjaro, anaishi minde, mnyama wa jamii ya funo, yaani swala wadogo wa msituni, aliye mkubwa kuliko wenzake wengi, mwenye shungi jekundu kwenye paji la uso, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa katika misitu michache ya milima ya Tanzania. Hutembea zaidi usiku, na ni mwaka 2003 tu alipopigwa picha porini kwa mara ya kwanza, kwa kamera iliyotegwa msituni. Wachagga wengi tumezaliwa na kuzeeka chini ya mlima huo bila kumwona. Mwanafunzi anayepanda kwa miguu mpaka msituni, akaonyeshwa njia za wanyama na kinyesi chao, na kuelezwa kwa nini mnyama huyo anahitaji msitu mnene usiokatwa, ameelewa uadimu ni nini, hata kama jioni anarudi bila picha.

Kuhusu gharama, kinachowakwamisha wengi si kiingilio, maana ada ya mwanafunzi Mtanzania ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni. Kinachowakwamisha ni basi. Kukodi Kosta kutoka Moshi hadi lango la Zange karibu na Same, au kutoka Arusha hadi Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ni mzigo kwa shule ya kata. Mkomazi wana mpango uitwao Rafiki wa Faru, ambao umekuwa ukiwachukua kwa basi wanafunzi wa shule zinazoizunguka hifadhi na kuwafundisha humo humo ndani. Naomba Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, ambao makao yao makuu yako Arusha, waangalie uwezekano wa kuupanua mpango wa namna hiyo ufike shule za Moshi na Arusha, hata kwa basi moja la zamu, na waongozaji wapewe maelezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha ili mtoto asirudi na majina ya Kiingereza pekee. Fedha ambazo wazazi wako tayari kuchanga kwa ajili ya vizimba zingelipa mafuta ya basi hilo kwa muda mrefu.

Shule nyingi hupanga safari zao kabla ya muhula kufungwa, kwa hiyo ningeshukuru iwapo wahusika wangejibu kupitia ukurasa huu mapema, ili kamati za wazazi zijue cha kuamua.

Mwalimu wa Baiolojia, shule ya sekondari,
Moshi, Kilimanjaro