Chombo kisichojulikana ambacho sote tunakijua

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile taarifa ya wiki iliyopita, ya rasimu ya sheria ya kusajili boti za mashine kisiwani kwetu, imenishinda kunyamazia. Si taarifa yenyewe. Ni yule mjumbe mliyemnukuu akisema usajili ni mzigo kwa mnyonge, tena hauna haja, kwa kuwa “hapa kila mtu anaijua boti ya kila mtu”.

Ni kweli, tunajuana. Hebu nikueleze tunavyojuana.

Msimu uliopita, siku ya bamvua, jua limeshazama, nilikuwa na mpwa wangu kwenye mtumbwi tunakusanya wavu. Taa tunayo, inawaka, na maboya yetu yanaonekana. Ikatokea boti nyeupe, omo, yaani pua ya boti, imeinuka juu, mwendo wa mtu anayefukuzwa, ikapita kati yetu na boya la kwanza. Wavu ukanaswa na panga la mashine, mtumbwi ukavutwa ubavu, tukaingia majini sote wawili. Boti ikasimama kidogo, nahodha akageuka akatutazama (nilimwona uso), akainua mashine, akakata wavu wangu kwa kisu, akaondoka. Hakuuliza hata kama tumezama. Panga lilikuwa limeshamfikia mpwa wangu kisiginoni. Mpaka leo anapanda ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja tu, kama mtoto anayejifunza kutembea. Asubuhi nikaenda polisi. Askari, kijana mpole, akafungua kitabu: “Namba ya chombo, mzee?” Nikamwambia hakina namba. “Jina?” Hakina jina. “Sasa kina nini?” Nikamwambia ni cheupe, kina mashine mbili, na kiti cha nahodha kina mto mwekundu uliochanika, sifongo imetoka nje. Akaandika “cheupe”. Kisha akachungulia dirishani. Boti zote zilizofungwa gatini zilikuwa nyeupe isipokuwa moja, na hiyo moja ni ya polisi. Akafuta, akaandika: “chombo kisichojulikana”. Mhariri, yeye anakijua. Mimi nakijua. Mke wa mwenye boti anakijua, maana alikutana na dada yangu akampa pole ya kisigino. Lakini kwa mujibu wa kitabu cha polisi, nilizamishwa na kitu ambacho hakina mwenyewe.

Ndiyo maana maneno ya yule mjumbe yaliniwasha. Kujuana si ushahidi. Kujuana ndiko hasa kunakotufunga mdomo, kwa sababu ukimtaja mtu kwa jina unakuwa umemchongea jirani, lakini ukitaja namba umesoma tu kilichoandikwa ubavuni.

Mjumbe mwingine katika taarifa yenu aliisifu Uingereza, akasema hakuna nchi yenye akili inayosumbuka na viboti. Marekani walianza kuzipa namba boti za mashine mwaka 1918. Namba inakaa pande zote mbili za omo, herufi zisipungue inchi 3 kwenda juu, na rangi yake iachane na rangi ya boti ili isomeke kwa mbali. Tangu 1972 kila boti inayoundwa kule ina namba nyingine ya bodi, ya herufi na tarakimu 12, iliyochongwa tezini, yaani nyuma ya boti, ili mwizi akikwangua ile ya omo bado abaki na deni. Uingereza, ambayo mjumbe huyo aliipenda sana, ni kweli hailazimishi boti ndogo za starehe baharini zisajiliwe; alichosahau kutuambia ni kwamba ukiipeleka boti hiyohiyo sehemu za juu za mto Thames, lazima uiandikishe.

Wala sisemi karatasi inaelea. MV Spice Islander ilikuwa meli yenye usajili na yenye idadi ya abiria iliyoruhusiwa, na usiku wa Septemba 2011 ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu mara kadhaa ya idadi hiyo. Kwa hiyo idadi ya abiria nayo iandikwe ubavuni, nje, karibu na namba, ambapo mtu wa mwisho anayetaka kupanda ataisoma mwenyewe. Ikiwa ndani ya droo ya ofisi haimsaidii.

Na rasimu yenyewe imeandikwa na mtu asiyelowa. Eti mashine zilizo chini ya nguvu ya farasi 15 zimesamehewa! Panga la farasi 9 halijui kwamba limesamehewa. Eti usajili ufanyike ng'ambo, siku za kazi, mwenye boti afike na chombo chake. Yaani avuke bahari kwa boti isiyosajiliwa ili akaombe ruhusa ya kuvuka bahari.

Halafu tukiwa hapohapo gatini, nani amezigeuza zile ngazi kuwa maegesho? Boti tatu zimefungwa kukatiza ngazi, kamba zimepita usawa wa magoti, petroli inaelea kama upinde wa mvua, na taa ya gati imekufa tangu sijui lini. Wiki hii nimemwona bibi mmoja akivuka boti mbili za watu ili afike kwenye yake, viatu mkononi, kapu kichwani, vijana wanamhesabia hatua. Hilo nalo linasubiri rasimu?

Mimi nina pendekezo. Yule kijana anayeandika majina ya wagombea kwenye kuta kila uchaguzi, ambaye maandishi yake hata mvua ya miaka mitano haiyafuti, apewe ndoo ya rangi nyeusi na siku mbili pale gatini. Aanze na mashine ndogo. Kila boti namba yake, urefu wa shubiri moja, kulia na kushoto. Boti isiyo na mwenyewe, kwa kuwa kitabu cha polisi kinasema zipo, iuzwe, na fedha ziende kwenye taa ya gati. Ninaifahamu moja ya kuanzia. Mto wake ni mwekundu.

Pia kuna ile kamba ya kuzimia mashine, ambayo tangu Aprili 2021 Marekani wanawataka waendesha boti nyingi za chini ya futi 26 waifunge mwilini, nahodha akianguka mashine izime. Wajumbe wafungwe nayo kiunoni wakati wa kikao, ncha ya pili kwenye kipaza sauti. Atakayesema “tunajuana”, ivutwe.

Wavu wangu ulikuwa wa pima 40. Zimebaki 17.

Mvuvi asiye na mashine