Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: Wazazi Tusaidiwe Kuyatambua Matatizo ya Ulaji Mapema

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Kaunti ya Kisumu.

Mheshimiwa,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kondele na mama wa watoto watatu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo ninalolileta kwako limefichika majumbani, na wazazi wengi wanaolibeba hawajui hata jina la kuliita.

Mwaka jana, binti yangu alipokuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa, nilimpunguzia sketi mara tatu katika muhula mmoja. Mara ya kwanza nilibana kiuno kidogo, nikamwambia kwa furaha kwamba sasa anapendeza. Mara ya pili nilifumua pande zote mbili na kushona upya. Mara ya tatu alisimama mbele ya cherehani akiwa amevaa sweta, mchana wa Machi, joto likishuka kutoka kwenye mabati, na nilipomzungushia utepe nikaona mikononi mwake vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Niliuweka utepe chini, nikashindwa kuendelea na kazi siku hiyo.

Alikuwa ametupanga sote vizuri. Shuleni alisema ana vidonda vya tumbo, kwa hiyo maharagwe hayamfai. Nyumbani alisema ameshakula shuleni. Jumatano na Ijumaa alisema amefunga ili aombee mitihani, nami kama mama Mkristo nilijivunia imani yake. Walimu walidhani anakula kwangu, nami nilidhani anakula kwao. Wakati huohuo ndiye aliyekuwa akipika kuliko sisi wote: chapati za Jumapili, omena wa kukaangwa kwa nyanya, uji wa wadogo zake. Aliwapakulia, kisha akakaa kuwatazama wanavyotafuna. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba njaa yenyewe huifanya akili hivyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanaume 36 huko Minnesota, Marekani, walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi kadhaa ili watafiti wajifunze jinsi ya kuwasaidia waathiriwa wa njaa ya vita, na baadhi yao, watu wazima waliokuwa na afya njema, wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kuota chakula usiku. Mtoto anayepika bila kuonja hana kiburi wala ukaidi, ameshikwa.

Shangazi zake walisema ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa nyumbani. Jirani mmoja alininong'oneza nimpeleke kupimwa virusi vya UKIMWI. Mheshimiwa, unajua historia ya eneo letu: sisi tuliozika ndugu miaka ile ya tisini tukiona mtu amekonda, mawazo yetu hukimbilia kaburini. Kituo cha kwanza cha afya tulichokwenda kilimpima malaria, taifodi, kifua kikuu na mimba, kwa kuwa hedhi yake ilikuwa imekoma. Majibu yote yalikuwa safi, tukarudi nyumbani na chupa ya vitamini. Sisemi walikosea kumpima. Vipimo hivyo vilihitajika. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemuuliza swali hata moja kuhusu chakula, na tukapoteza miezi minne. Ni mtaalamu wa lishe wa kituo kingine aliyemuuliza polepole, mimi nikiwa nje, anaogopa nini anapoona sahani. Alilia kwa muda mrefu, kisha akajibu.

Alichokijibu kilianzia darasani, ambako mwalimu mmoja alikuwa akimwita Kibonge mbele ya wenzake. Sidai kwamba jina hilo peke yake lilimuuguza. Wanaoyajua maradhi haya wanasema yana vyanzo vingi vinavyoshikana, vikiwemo urithi wa damu, tabia ya mtoto ya kutaka kila kitu kiwe kamilifu, wasiwasi, na dhihaka kuhusu mwili. Lakini urithi wa damu siwezi kuubadilisha, ilhali dhihaka inaweza kukomeshwa kesho asubuhi. Nami sikuwa na usafi wowote katika hili, kwani nyumbani kwangu salamu za wageni zilikuwa ni kumwambia mtoto amenenepa au amekonda, na mimi mwenyewe nilimsifu kwa kila inchi aliyopoteza.

Wapo watakaokuambia kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na ya matajiri wa Milimani. Naomba wakumbuke visiwa vya Fiji, ambako mwili mnene uliheshimiwa kama tulivyouheshimu sisi. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule katika eneo la Nadroga mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika, na hakupata hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apunguze uzito. Alipohoji wengine mwaka 1998, alikuta asilimia 11.3 wanafanya hivyo. Hiyo ilikuwa televisheni moja sebuleni. Leo simu iko chini ya mto wa mtoto, kwenye mabanda ya Nyalenda sawa na Milimani. Na wavulana pia wamo, ingawa wao mara nyingi huzungumzia misuli na mazoezi, na hivyo husahaulika upesi zaidi.

Sasa nije kwa ninayoyaomba. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto tunachopewa kliniki kimenisaidia kwa watoto wote watatu. Nimeifuata ile mistari ya ukuaji mwezi baada ya mwezi. Lakini mistari hiyo inaishia miaka mitano. Baada ya hapo mzazi huachwa peke yake mpaka mtoto aanguke, na matatizo ya ulaji huanza hasa katika umri wa kubalehe. Naomba idara yako iandae karatasi moja, kwa Kiswahili na Kidholuo, itakayotolewa mtoto anapoingia shule ya upili, inayoeleza dalili kwa maneno ya nyumbani: kuhisi baridi penye joto, kizunguzungu, hedhi kukoma, nywele kukatika, kukwepa meza kwa visingizio vinavyofanana, kukimbilia choo kila baada ya kula, chakula kingi kupotea jikoni usiku. Iwaambie wazazi pia kwamba mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula ghafla bila daktari, kwa sababu madini katika damu yanaweza kushuka kwa hatari na kuutikisa moyo. Hilo nilikaribia kulifanya mimi.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita milangoni mwetu wakiwa na mikoba ya vipimo. Wafundishwe maswali mawili au matatu ya kuuliza kuhusu ulaji wa vijana, na wajue wampeleke wapi yule atakayehitaji msaada. Najua shule za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini maafisa wako huingia mashuleni kwa chanjo na dawa za minyoo. Waingie pia kuwaomba walimu waache kutaja na kupima miili ya wanafunzi hadharani.

Zaidi ya yote, tafadhali wazazi wasilaumiwe wanapofika. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa hospitali ya Maudsley jijini London walianza kuwakabidhi wazazi wenyewe usimamizi wa milo ya kijana mwenye anoreksia, yaani maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, badala ya kuwaweka kando, na njia hiyo imekuwa mojawapo ya zinazotegemewa zaidi kwa vijana. Ndiyo tunayoifuata sasa kwa kuelekezwa na yule mtaalamu. Tunakula pamoja saa moja jioni, simu zikiwa chumbani kwangu, hakuna anayetaja uzito wala kuhesabu matonge, nami nakaa naye hadi sahani iishe hata kama ni saa nzima. Kuna jioni ananichukia kwa hilo. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi, kwa hiyo nakaa.

Sketi yake nimeshaifumua mara mbili mwaka huu, na bado nina kitambaa cha akiba kwenye pindo. Nikihitajika kueleza haya ofisini kwako, au mbele ya wazazi wengine, niko tayari siku yoyote isipokuwa Jumatano, ambayo ndiyo siku yake ya kliniki.

Wako mwaminifu,
Mzazi na fundi wa nguo,
Kondele, Kisumu.