Idd Mubarak kutoka jikoni, na salamu kwa wote wenye masufuria yetu

Idd Mubarak ndugu jamaa na marafiki, mlioko Tanga, Dar, Mombasa, Unguja na nyie wa Maskati, na wale wenzetu mnaofuata mwezi wa kimataifa ambao mlishakula pilau jana mkatuachia sisi harufu tu dirishani, nanyi pia Idd Mubarak, hatuna kinyongo. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mungu apokee funga zetu, awape shifaa waliokaa vitandani mwezi mzima, na wale ambao mwaka huu kuna mtu wao hayupo kwenye sinia awape subira.

Mi salamu zangu zinatokea jikoni sababu huko ndo niliko tangu jana magharibi. Wanaume wanadhani Idi inaanza na takbira, sisi tunajua inaanza pale mtu aliyeshika redio anaposema umeonekana na nyumba nzima inanyanyuka kwa mpigo. Yani hebu fikiria, mpishi hajui kama sikukuu ni kesho au keshokutwa. Vileja na visheti unaweza kupika mapema vikakaa kwenye ndoo yenye mfuniko (na kufuli ikibidi, watoto mnawajua), lakini nyama, tambi, mchele wa mkate wa kumimina, hivo vyote vinasubiri mwezi. Ukiloweka mchele mapema mwezi usipoandama ni kazi, ukingoja tangazo likaja saa nne usiku hulali. Mama yeye alikuwa analoweka tu siku ya 29 baada ya futari bila kusikiliza redio, anasema mwezi usipoonekana si tutakula mkate wa kumimina daku, shida iko wapi.

Sasa mwaka huu nilivyokuwa natoa vyombo kabatini usiku nikajikuta kila ninachokishika kina mwenyewe. Mapishi yenyewe hayajaandikwa popote kwetu, hakuna daftari, hakuna vipimo, ukiuliza unaambiwa utaona mwenyewe. Kilichobaki ni vyombo, na mikono iliyokuwa inavishika.

Cha kwanza kutoka usiku ule wala sio kisu, ni kibaba. Cha Bibi ni kopo la bati limekwaruzika mpaka maandishi hayasomeki, na kazi yake kubwa ya mwaka ilikuwa hiyo moja, kupimia zaka ya fitri. Vibaba vinne ndo pishi, na pishi moja ndo zaka ya mtu mmoja, wenye mizani wanasema kama kilo 2.5, na inatakiwa imfikie anayestahiki kabla watu hawajaingia kwenye swala ya Idi ili naye apike kama wewe. Kila kichwa ndani ya nyumba kinahesabiwa, hata mtoto aliyezaliwa juzi. Bibi alikuwa anakaa kwenye jamvi, gunia la mchele kulia, mfuko kushoto, anataja jina alafu anapima, bismillahi hii ya fulani, kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, haya anayefuata. Sisi watoto tunasimama mlangoni tunangoja kusikia majina yetu na tunagombana nani katajwa kabla ya nani. Aliyekuwa shule ya bweni anatajwa, aliyekuwa safarini anatajwa. Mwaka ule baada ya Babu kufariki alifika mwisho wa orodha, akalitaja jina lake kwa mazoea, akanyamaza kidogo, alafu akapima pishi akaiweka mfuko wa pembeni akasema hii sio zaka, hii sadaka yake. Akaendelea kufunga mifuko.

Siku hizi wengi tunatoa pesa kwa simu, na mi sipingi, masheikh wana maelezo yao na mi sio sheikh. Ila kwenye simu unatuma jumla. Unabonyeza tarakimu za siri, ujumbe unarudi, umemaliza, hujamtaja mtu hata mmoja. Jana nikachukua kopo nikawaita watoto wakae kwenye mkeka, nikapima moja moja kwa majina. Yule mdogo aliposikia jina lake alinyanyua mikono juu kama kafunga goli.

Alafu mbuzi, ile ya kukunia nazi. Nyie mliohamia tui la pakti naomba mruke aya hii tusigombane sikukuu. Mbuzi yetu ni ya mti mgumu, imekaliwa mpaka kibao kimeng'aa chenyewe, meno ya chuma yashatiwa tupa mara nyingi hadi ulimi umekuwa mfupi. Ilikuwa ya Mama Mkubwa na hakuna aliyeruhusiwa kukuna nazi za Idi bila yeye kukagua. Unakaa upande, leso umeibana vizuri, kifuu mkononi, unaanza pembezoni unazunguka taratibu, na ukiona weupe unaanza kupotea unaacha, usilazimishe, maana ukifika kwenye ganda la kahawia tui linachafuka rangi na tambi zako zitaonekana kama zimepikwa na maji ya mtaro. Hayo ni maneno yake sio yangu. Nazi zilikuwa zinatoka Pangani, zinakuja na makumbi yake, na hakuna kilichotupwa: maji tunagombania watoto, chicha kuku wanapewa, makumbi yanasugulia masufuria pamoja na majivu, vifuu vinaingia motoni au fundi anavitia mpini vinakuwa kata na pawa. Pawa la kifuu kwenye mchuzi wa nazi ni kitu kingine jamani, halikwaruzi sufuria na halichomi mkono.

Na kifumbu, nani bado anacho? Kile kimfuko cha kusuka, unatia nazi iliyokunwa na maji ya vuguvugu unakamua, tui la kwanza zito unaliweka pembeni, unarudia la pili, la tatu jepesi ndo linalotangulia kupikia, lile zito linaingia mwisho kabisa moto ukiwa mdogo, na hapo usiondoke, unalikoroga mpaka litulie lisije likakatika. Sasa hivi tuna chujio la plastiki na blenda. Blenda inafanya kazi tena fasta, nakubali, na umeme ukiwepo naitumia siku za kawaida nikitoka kazini nimechoka. Siku ya Idi hapana. Blenda unatwanga peke yako na makelele yake hamuwezi hata kuongea. Kwenye mbuzi, yule anakuna huku anasimulia, huyu anakamua huku anabisha, na mambo yote ya familia yetu, nani anaoa, nani kafilisika, nani karudi kwao kimyakimya na mabegi, nimeyasikia nikiwa nimekaa karibu na mbuzi nimejifanya nachambua mchele.

Shangazi wa Maskati alivyokuja mara ya mwisho aliondoka na mbuzi kwenye begi kubwa, ulimi umezungushiwa kanga kuukuu na kamba juu. Tulimcheka. Akasema nazi kule zipo, Salalah huko huko Oman wana minazi tele mpaka ukifika unadhani uko Pwani, supamaketi tui la pakti limejaa, lakini wajukuu zake hawajui nazi inakunwaje na yeye hawezi kuwaelezea kwa vidio. Jana katuma picha kwenye grupu la familia, mjukuu kakaa upande kabisa kama inavyotakiwa, kavaa gauni la Idi tayari, ndo hilo tu nililolaumu.

Kinu na mchi nitapita haraka sababu kinu chetu kilipasuka na mpaka leo hatujapata cha kufanana nacho, tuna kile kidogo cha thomu na iliki tu. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga tunaletewa kutoka milima ya Amani kule Muheza, na ukitwanga iliki usiku wa Idi jirani wa nyumba ya tatu anajua mmefika hatua gani.

Sasa kubwa lenyewe. Masufuria.

Hakuna nyumba inayojitosheleza masufuria ya Idi, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Sisi tuna mawili makubwa ya kupikia pilau, jirani mbele ana moja na mwiko mrefu ule wa shughuli unaokorogea umesimama, nyumba ya pembeni wana sinia nyingi, mzee wa mwisho wa mtaa ana deli la kahawa na vikombe vyake vidogo. Wiki nzima ya mwisho ya Ramadhani watoto wanapishana njiani na vyombo kichwani. Ndo maana kila chombo kina alama ya rangi kwa chini, yetu ni kijani na msalaba mdogo... hapana sio yetu hiyo, yetu ni kijani na nukta, yenye msalaba ni ya jirani yetu Mkristo ambaye sufuria lake linakuja kwetu Idi na la kwetu linakwenda kwake Krismasi, na yameishi hivo miaka na miaka mpaka mara nyingine hatujui lipi liko wapi. Yeye ndo anayekuja alfajiri kukata vitunguu vya kachumbari na vya pilau, halii hata kidogo, anatusimanga sisi tunaotiririka machozi.

Pilau lenyewe anapika Mjomba, uani, kwenye mafiga na kuni. Vitunguu anavipeleka mpaka viive rangi ya kahawia kweli kweli, sio dhahabu, sababu rangi ya pilau inatoka pale, wala usitie vitu vya rangi rangi. Thomu na tangawizi, bizari nzima, nyama na supu yake, viazi, mchele. Maji yakikauka anafunika, anachota makaa kutoka chini anayapalia juu ya mfuniko, moto juu na chini, alafu anavuta kiti anakaa mbele ya sufuria kama mlinzi wa benki na hakuna ruhusa ya kufunua. Ukimuuliza limeiva anakwambia sikiliza. Na kweli linasikika, mi baada ya kuolewa na kupika kwa gesi ndo nilielewa, gesi haina moto wa juu, pilau linaiva ndio lakini juu linabaki limelowa na ukoko wake hauna maana. Ukoko ndo tulikuwa tunaugombania! Sufuria likishapakuliwa Mjomba anagawa ukoko kwa kijiko cha chuma, kila mtoto anakinga kiganja, na aliyekwenda swala na kanzu safi akirudi anapewa cha mwanzo. Ilikuwa rushwa ya wazi kabisa ya kutupeleka msikitini, na ilifanya kazi.

Kabla ya hapo lakini asubuhi watu hawatoki na njaa. Sunna ya Idi hii ni kula kidogo kabla ya kwenda kuswali, tende kwa witri, kwetu tende inafuatiwa na tambi na kipande cha mkate wa kumimina kilichotoka motoni, alafu ndo kanzu zinatoka. Chakula cha mchana kinaanza kusafiri kabla hatujakaa: sahani ya nyumba ile, bakuli ya nyumba hii, zimefunikwa kwa kawa. Makawa ya Bibi aliyasuka mwenyewe kwa ukindu wa rangi, mawili bado mazima, yale mengine panya wamekula pembezoni lakini yanafunika. Na mnajua sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama ni pilau kwa pilau. Nimewahi kumuuliza Mama faida yake nini, tunatoa pilau tunapokea pilau, akanijibu la kwake lina karafuu nyingi. Basi.

Watoto wangu wa mjini wanaona vurugu tu. Wananiuliza kwanini tusiagize chakula, kwanini tusinunue sufuria letu kubwa tukaacha kuazima. Pesa ya sufuria ipo, sio kwamba haipo. Lakini mtu akija kuazima sufuria anakaa, anapewa kahawa, anauliza mgonjwa wenu anaendeleaje, na akirudisha anakaa tena. Mwaka ambao kila mtu alijipikia kivyake kwa sababu ya gonjwa lile, vyombo vyote vilikuwa kabatini mwake, hakuna kilichopotea wala kubonyea, na sijawahi kuona Idi ndefu kama ile.

Haya, naitwa. Mlioko mbali, kula mlichojaaliwa na mtutumie picha, hata ya ubwabwa na maharage. Mliofiwa tutakuja jioni, msihangaike kupika, tunakuja na chakula. Watoto wote mkono wa Idi upo ila noti ni ndogo mwaka huu msininunie. Mlioko Tanga mlango uko wazi kuanzia adhuhuri, pilau limeshapaliwa makaa na Mjomba kashakaa kwenye kiti chake, mje na vyombo maana ya kubeba ipo. Na yule aliyechukua mfuniko mkubwa wenye kijani na nukta kwenye ile arusi, hatutaki maelezo wala hatutauliza ulikuwa wapi, urudishe tu kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu maana leo tumepalia makaa juu ya sinia.