Mkisema mbu, semeni ni mbu yupi

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu chanjo ya malaria na mbu wanaobadilishwa vinasaba maabara, na nimeifurahia. Ila tangu mwanzo hadi mwisho mmeandika "mbu" tu, kana kwamba ni mdudu mmoja, na kupe hamkumgusa kabisa. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kwa miaka 23 kazi yangu imekuwa kuinamia darubini na kuwachambua mbu na kupe mmoja mmoja, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Mitego ikiletwa asubuhi, mfuko mmoja huwa na mbu wa kila aina wamechanganyika na nondo na visubi. Anopheles, jamii ya mbu wanaoeneza malaria, namjua kwa vigusio viwili vilivyo ubavuni mwa mdomo, virefu sawa na mdomo wenyewe, na kwa mabaka ya mbawa. Dume, mwenye antena kama manyoya, namweka kando kwa kuwa hanyonyi damu. Jike nampasua. Nadondosha tone la maji ya chumvi kwenye kioo, namkandamiza kifua kwa sindano moja, kwa nyingine nakivuta kichwa polepole. Mkono ukitulia, tezi za mate hutoka pamoja na kichwa, nyembamba na angavu kama kioo. Vimelea vya malaria huchukua takriban siku 10 hadi 14 mwilini mwa mbu kabla ya kufika kwenye tezi hizo, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hiyo katika mfuko mzima ninayemtafuta ni yule aliyeishi muda mrefu, na huenda akawa mmoja tu.

Ronald Ross, daktari Mwingereza, alipopata vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu, Agosti 1897 huko India, alikuwa ametumia karibu miaka miwili akipasua, kwa sehemu kubwa, mbu wasiohusika. Bidii haikumpungukia. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia: siye huyo, mtafute yule mwenye mabaka kwenye mbawa.

Mfano ninaowapa vijana wote ninaowafundisha ni wa Pare na Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanganyika ya wakati ule. Katika miaka ya 1950 nyumba zilipuliziwa ndani dieldrini, dawa ya kuua wadudu. Anopheles funestus, anayependa damu ya binadamu na kupumzika ndani ya nyumba, karibu atoweke. Kisha mbu wanaofanana naye wakaongezeka. Kwa jicho la haraka ungesema dawa imeshindwa. Watafiti Gillies na Smith wakawachunguza kwa makini, wakaeleza mwaka 1960 kwamba walioongezeka ni Anopheles rivulorum, ambaye hupendelea zaidi damu ya wanyama. Fikiria uamuzi ambao ungefanywa kama daftari lingeandikwa "funestus" kwa mazoea!

Djibouti iliyatazama hayo kwa upande wa pili. Mwaka 2012 nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka huohuo akatambuliwa huko Anopheles stephensi, mbu wa Asia anayezaliana kwenye matangi na mapipa ya maji mijini. Mwaka 2020 wagonjwa walipita 73,000. Kumtambua peke yake hakukutosha, nakubali. Lakini asipotambuliwa, watu watabaki kufukia madimbwi ilhali yeye yumo kwenye tangi.

Sasa kupe. Watafiti wa Marekani, Theobald Smith (si yule Smith wa Pare) na Kilborne, walithibitisha mwaka 1893 kwamba kupe hueneza homa ya ng'ombe, miaka minne kabla ya Ross, lakini hadi leo kupe hupewa makombo ya fedha za utafiti. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inaua ng'ombe. Homa ya papasi, inayoenezwa na kupe laini waitwao papasi, inamrudia mgonjwa akidhani amepona. Daktari Dutton, aliyeichunguza huko Kongo, ilimuua mwaka 1905. Na kupe ana usumbufu wake: akitoka kwenye yai ana miguu sita, baadaye minane, na akishiba damu huvimba hadi alama za mgongoni hazisomeki vizuri. Aliyemng'oa kwa pupa akakata mdomo ameniharibia kazi, maana umbo la mdomo ni miongoni mwa vitu vya kwanza ninavyoangalia. Mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha.

Nina uchungu mmoja pia. Maabara niliyofanyia kazi zamani ilipohama jengo, makasha ya mbu waliochomwa pini, kila mmoja na lebo ya tarehe na mahali, yalitupwa pamoja na samani mbovu. Niliyakuta yamelowa mvua, wino umechuruzika. Leo kuna vipimo vya vinasaba ambavyo vingeweza kutueleza kama mbu wale walishaanza kuwa sugu kwa dawa. Hatuna tena cha kupima.

Kwa hiyo ombi langu kwenu waandishi ni hili: mkimhoji mtafiti, muulizeni ni spishi gani, nani aliitambua, na sampuli zimehifadhiwa wapi. Na siku mkitaka kuona tezi za mate za mbu, darubini ipo, nitawawekea kioo.

Fundi sanifu wa maabara